Wasifu wa Wakili na Shamba la Lyamkena

Mwezi uliopita nilitumiwa wasifu wa kitaaluma wa wakili mmoja wa masuala ya ardhi na kodi. Alikuwa amealikwa kuzungumza na wanafunzi wa sheria. Waandaaji walimwomba maelezo mafupi ya kumtambulisha, naye akaniletea niyapitie kabla hajayatuma. Yalikuwa ukurasa mmoja na robo. Yalitaja shahada yake ya sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka yake ya utumishi wa umma, mwaka alioapishwa kuwa wakili, na mstari mmoja usemao kwamba ana uzoefu wa muda mrefu katika ardhi, mirathi na kodi. Nilisahihisha koma mbili, kisha nikakaa nikiutazama ukurasa ule. Hapakuwa na neno Lyamkena mahali popote.

Ndugu msomaji, leo ninaomba kuandika kile ambacho wasifu ule haukukisema. Jina lake silitaji kwa kuwa hakupenda litajwe. Nitamwita Wakili. Na kwa kuwa habari hii inahusu pia aibu yangu mwenyewe, nitaanza na nyumbani.

Lyamkena ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Wengi wanaijua Makambako kupitia dirisha la basi: upepo, baridi kali ya Juni na Julai, na njia panda ambapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Baba yangu alikuwa na shamba la ekari tano Lyamkena. Alilima mahindi na maharage, na pembeni alipanda misindano michache katika miaka ya tisini, wakati ambapo wengi walimwona kama mtu anayepoteza ardhi ya chakula. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kona ya shamba hilo hilo. Utotoni sikumsikia mtu akitaja bei ya ardhi. Aliyehitaji mahali pa kulima alikwenda kwa wazee na kibuyu cha ulanzi, akaonyeshwa mpaka, na mpaka huo ukawa mti, kijito au tuta.

Lakini nilisikia habari za kodi. Kodi ya maendeleo, ambayo watu wazima waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilikusanywa kwa mgambo. Walikuja alfajiri. Ninakumbuka asubuhi moja Mama akiwaambia mgambo kwamba baba amesafiri, ilhali mimi nilijua amelala msituni. Mwaka alioweza kulipa, risiti aliihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo, mahali ambapo pasingepotea. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini somo lake halikufutwa. Kabla yake ilikuwapo kodi ya kibanda ya Wajerumani, ambayo pamoja na kazi za shuruti ilichangia Vita vya Maji Maji, vilivyofika Ubena mwaka 1905 hadi kwenye misheni ya Yakobi. Kwa vizazi vingi watu wetu walijifunza kwamba kodi ni kitu cha kukimbia, na kwamba anayeikwepa kwa werevu si mwizi bali ni mjanja. Ninalisema hili kwa sababu mimi pia nililelewa humo, na shahada tatu hazikuniondolea somo hilo.

Baba alifariki mwaka 2014. Matibabu yake yaliacha deni ambalo baba mdogo alilibeba kwa jina lake. Mwaka 2017 baba mdogo alinipigia simu. Alikuwa amepata mnunuzi wa shamba lote, kwa shilingi milioni 38. Deni lingelipwa, sisi watoto tungegawana kilichobaki, na Mama angehamia kwangu mjini. "Wewe ndiye msomi wa familia," aliniambia. "Njoo usaini, mambo yaishe."

Mnunuzi alikuwa na pendekezo moja zaidi. Katika mkataba tuandike milioni 9 na nusu. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtoza mkazi wa nchi asilimia 10 ya faida anayoipata anapouza ardhi au jengo, lakini haimtozi mtu binafsi anayeuza shamba lenye thamani ya soko isiyofika shilingi milioni 10, iwapo limetumika kwa kilimo kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia mauzo. Kwa hiyo milioni 9 na nusu ilikuwa namba iliyochaguliwa kwa akili. Nilipiga hesabu: tungeokoa zaidi ya milioni 3. Muhula ule nilikuwa nikifundisha kozi inayogusa maadili ya uongozi na fedha za umma. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba taifa lisilokusanya kodi kwa haki haliwezi kudai heshima. Nikakubali.

Kilichobaki kilikuwa muhuri wa wakili. Tulisafiri kwenda Njombe mjini, kilomita kama 60 hivi, mimi, baba mdogo, kaka yangu na mnunuzi, tukiwa na mkataba uliokwisha kuchapwa na muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Tulitarajia kumaliza kwa dakika kumi.

"Kamwene, Mzee," baba mdogo alimsalimu.

"Kamwene. Karibuni mketi."

Aliusoma mkataba mara mbili, polepole, huku kidole kikipita chini ya mistari kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akauliza, "Mwenye shamba ni marehemu. Huyu muuzaji aliyeandikwa hapa ni nani?"

Baba mdogo akajibu kwamba ni yeye, kwa niaba ya familia.

"Barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi iko wapi?"

Tukamwonyesha muhtasari wa kikao. Akautazama kwa heshima, akaurudisha. "Kikao cha ukoo kinapendekeza. Anayeteua ni mahakama. Bila uteuzi huo, hapa hakuna muuzaji. Kuna shemeji wa mjane tu." Kisha akauliza, "Mama wa watoto hawa yu hai?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, shambani hapo hapo."

"Anajua kwamba leo mko hapa?"

Hakuna aliyejibu. Wakili hakurudia swali. Alinigeukia mimi, kwa kuwa baba mdogo alikuwa amenitambulisha kwa fahari kuwa ni mhadhiri. "Daktari, shamba hili la ekari tano lenye nyumba na miti ni la milioni tisa na nusu?"

Nilimjibu, "Hiyo ndiyo bei tuliyokubaliana kuiandika."

Nimeandika makala nyingi na kusema mengi mbele ya watu, lakini sentensi hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko zote. Sikudanganya moja kwa moja. Nilitumia usomi wangu kuupamba uongo ili usionekane. Wakili alifunika kalamu yake.

Alitueleza mambo matatu, na ninayaweka hapa kwa faida ya wasomaji, hasa ninyi vijana ambao siku moja mtaitwa nyumbani "kuja kusaini."

Kwanza, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi huyo si mmiliki. Anawajibika kwa warithi na kwa mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba V na VI. Anayenunua kwa mtu mwingine, hata awe mkubwa wa ukoo, ananunua kesi.

Pili, mjane si mgeni kwenye shamba alilolilima kwa miaka thelathini na zaidi. Alitukumbusha kwamba mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikataa kanuni ya kimila iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, na kwamba sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatamka wazi haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi kwa masharti sawa na mwanamume. "Mnayo haki ya kumshauri mama yenu," alisema. "Hamna haki ya kumstukiza."

Tatu, ile bei. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mtu huyu alikuwa wakili wa ardhi na pia wa kodi, na si wa kimoja tu. Sisi tulidhani tunaidanganya serikali peke yake. Yeye alituonyesha kwamba tunajidanganya wenyewe. Kama mnunuzi angelipa milioni 10 za kwanza na kukataa kumalizia, mkataba ungesema ameshalipa zaidi ya bei. Kama mauzo yangebatilishwa, yeye mnunuzi angerudishiwa kilichoandikwa. Kama naye angeuza baadaye kwa milioni 60, gharama yake mbele ya ofisi ya kodi ingekuwa milioni 9 na nusu, na faida ya kutozwa kodi ingekuwa kubwa mno. Na juu ya yote, thamani ya soko inayotajwa na sheria haiwi ndogo kwa sababu kalamu imeandika ndogo. Kutoa maelezo ya uongo kwa ofisi ya kodi ni kosa la jinai. "Karatasi ya ardhi na karatasi ya kodi ni karatasi moja," alisema. "Ukiichana upande mmoja, imechanika."

Mnunuzi alisimama, akasema Njombe ina mawakili wengine. Wakili akakubali kwamba wapo. Ada ya wakili katika mauziano hufuata thamani ya mali, kwa hiyo pale pale aliachia fedha ambayo kwa ofisi ya mji mdogo si ndogo. Alitutoza ada ya ushauri ya shilingi 50,000. Nilipompa, aligeukia mashine pembeni ya meza akanichapia risiti. Nilitoka nje na risiti ile mkononi, katika upepo wa Juni, nikimkumbuka baba na kitabu chake cha nyimbo.

Nilirudi ofisini kwa Wakili peke yangu wiki iliyofuata, na nimerudi mara nyingi tangu hapo. Katika mazungumzo hayo nilijifunza jinsi mtu anavyokuwa wakili wa aina hiyo. Njia aliyoipita haionekani katika wasifu.

Alisoma sheria Mlimani mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kitivo cha Sheria ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kile, kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya uhuru, chini ya Chuo Kikuu cha London. Wakili alifika wakati ambapo kizazi cha kina Profesa Issa Shivji kilikuwa kinawauliza wanafunzi kila sheria inamtumikia nani. Anasema kwamba swali lile lilimkera alipokuwa kijana, kwa sababu alitaka kujua vifungu, si maswali. Baadaye ndilo lililobaki kichwani baada ya vifungu kufutwa na kutungwa upya.

Shule yake ya pili ilikuwa masjala ya ardhi. Alipoajiriwa serikalini hakupelekwa mahakamani bali kwenye majalada. Huko alijifunza kwamba historia ya nchi hii inasomeka katika hati. Sheria ya ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923, iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana. Kufutwa kwa umilikaji wa kudumu mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alipokataa ardhi kuwa bidhaa. Vijiji vya Ujamaa, ambavyo vilihamisha watu lakini mara nyingi havikuhamisha karatasi. Kisha Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Shivji huyo huyo, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1994 katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyotamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Hatimaye zikaja Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. "Mtu akiniletea hati," aliniambia, "sitazami jina kwanza. Ninatazama mwaka. Mwaka unaniambia nani alikuwa na mamlaka ya kuitoa."

Kwa mji kama Makambako jambo hilo si la kinadharia. Mahali palipokuwa kijiji, halmashauri ya kijiji ilikuwa na mamlaka ya kusimamia ardhi. Mahali hapo panapokuwa mtaa wa mji, mamlaka hayo huhamia kwingine, lakini watu, mwenyekiti na hata kasha la muhuri hubaki wale wale. Mwananchi anaendelea kuamini muhuri aliouzoea. Wakili anasema migogoro mingi inayofika mezani kwake ilizaliwa katika nafasi hiyo ndogo kati ya muhuri na mamlaka.

Shule yake ya tatu ilikuwa kodi. Mwishoni mwa miaka ya themanini alihamia upande wa kodi ya mapato, akawapo pale idara za kodi za serikali kuu zilipounganishwa kuwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Huko alijifunza kusoma daftari la mfanyabiashara kama wengine wanavyosoma barua. "Nilijifunza kwamba mali moja huwa na bei tatu," anasema. "Bei ya benki, bei ya kodi na bei ya majirani. Ya majirani ndiyo ya kweli." Pia alijifunza kwamba dola yenyewe hukosea. Alishuhudia makadirio yaliyotungwa bila mtu kufika dukani, na wafanyabiashara waliofunga biashara kwa hofu badala ya kupinga makadirio hayo. Alipoacha utumishi na kujitegemea mwaka 1999, aliondoka na imani moja, kwamba anayemtetea mlipakodi na anayekusanya kodi wote wanaitumikia Ibara ya 138 ya Katiba, isemayo kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria.

Shule ya nne ni mguu. Hashughulikii mauziano ya shamba ambalo hajalikanyaga. Huenda na buti, huuliza majirani wa pande zote nne, hutafuta kaburi, chanzo cha maji, na mti uliopandwa na mtu mwingine. Mkoani Njombe swali la mti ni zito, kwa kuwa ardhi inaweza kuwa ya mmoja na misindano iliyo juu yake ikawa ya mwingine aliyelipwa au aliyekopesha. Siku alipokuja Lyamkena, Mama alimpokea kwa uji. Walizungumza Kibena kwa saa nzima, wakatembea mpaka wote wa shamba, naye akaandika jina la kila jirani. Sikumbuki kama mimi mwenyewe, katika miaka yote ya usomi wangu, niliwahi kutembea mpaka ule mzima.

Mwisho wa mambo yetu ulikuwa wa kawaida. Mama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Alisema wazi kwamba hahamii mjini. Mwaka 2019, kwa ridhaa ya warithi wote, aliuza ekari moja tu, ile ya mbali na nyumba, kwa bei halisi iliyoandikwa kama ilivyolipwa. Kodi ililipwa, kwa kuwa Msajili wa Hati hawezi kuandikisha uhamisho bila uthibitisho kutoka kwa Kamishna wa kodi. Ushuru wa stempu ukalipwa. Deni la baba mdogo likaisha, na yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka fedha kwa waliomdai. Tulipata kidogo kuliko tulichoahidiwa mwaka 2017. Lakini ekari nne zipo, na Mama yupo juu yake.

Familia moja tunayoijua, si mbali na kwetu, ilikubali bei ndogo katika mkataba na mnunuzi wao. Awamu ya pili ya malipo haikuja. Walipokwenda kudai walionyeshwa karatasi yenye saini zao, na karatasi ile ilisema wamelipwa chote.

Sasa niondoke nyumbani kwangu niseme na taifa.

Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza kuhusu mafunzo ya mawakili, baada ya kujulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani wa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, waliofaulu kwa mara ya kwanza walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ulijaa lawama: vyuo vikuu, lugha ya Kiingereza, udahili, ukali wa watahini. Mimi ni mhadhiri, na sehemu yangu ya lawama ninaipokea. Lakini nilisubiri swali moja ambalo sikulisikia: je, mhitimu huyu amewahi kushika jalada la ardhi? Amewahi kukaa na mfanyabiashara wa mbao aliyepokea barua ya makadirio na hajui kwamba sheria inampa siku 30 tu za kupinga, tena akitakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo? Kabla taasisi ile haijaanza mwaka 2008, wahitimu walijifunzia kazi chini ya mawakili wakongwe. Mfumo ule ulikuwa na upendeleo wake, na sitaki kuusifu kupita kiasi. Lakini ulimkutanisha kijana na mzee anayefunika kalamu.

Jambo la pili ni mahali. Mawakili wengi wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma, kwa sababu fedha iko huko. Wakati huo huo ardhi inayopanda thamani kwa kasi iko pia kwenye miji kama Makambako, ambako parachichi, mbao na barabara vimeigeuza kuwa bidhaa katika umri wa mtu mmoja. Ugomvi ukitokea, mwananchi huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata, na sheria ya mwaka 2002 hairuhusu wakili kusimama mbele ya Baraza la Kata kwa kazi yake ya uwakili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Ninaielewa nia yake: wazee wapatanishe kabla ya wanasheria kuchochea. Lakini maana yake kwa vitendo ni kwamba ushauri wa sheria unahitajika zaidi kabla ya mkataba, siku ile watu wanne wanapokaa na karatasi iliyochapwa. Siku hiyo, Lyamkena, anayepatikana kwa urahisi ni dalali.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilifungua mlango, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imewafikisha wanasheria mikoani. Ninaliunga mkono jambo hilo. Hata hivyo kampeni hupita, na mpaka wa shamba hubaki. Ninapendekeza mambo mawili ya kawaida. Mosi, vyuo vyetu viwapeleke wanafunzi wa sheria, japo muhula mmoja, kwenye ofisi za ardhi za halmashauri na ofisi za kodi za wilaya, wakasome majalada na kutembea mipaka. Pili, ofisi za ardhi na za kodi zitoe elimu pamoja, kwa Kiswahili, katika karatasi moja inayobandikwa kila ofisi ya mtaa: nani anaweza kuuza, nani lazima aridhie, kodi gani inalipwa na nani, na kwa nini bei ya kweli inamlinda muuzaji. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme, na mpangaji wa chumba kimoja Makambako anaweza kujikuta akimlipia mwenye nyumba shilingi 1,500 kila mwezi bila kujua anayedaiwa hasa ni nani. Nchi iliyoweza kufikisha makato kwenye kila mita inaweza kufikisha maelezo kwenye kila mtaa.

Kwa ninyi watumishi wa umma mnaonisoma, nina ombi moja. Mnapogonga muhuri juu ya bei mnayojua si ya kweli, msidhani mnamsaidia maskini. Kwa kawaida mnamsaidia yule mwenye uzoefu wa kununua dhidi ya yule anayeuza mara moja tu maishani.

Nilimrudishia Wakili wasifu wake jioni ile. Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja mwishoni: kwamba mwaka 2017 alikataa kusaini mkataba wa shamba Lyamkena. Alinipigia simu akicheka. "Daktari, futa hiyo. Wasifu ni orodha ya mambo niliyofanya. Hilo sikulifanya."

Nimeufuta mstari huo kwenye ukurasa wake, kama alivyoagiza. Ndiyo maana nimeuandika hapa. Risiti yake ya shilingi 50,000 bado ninayo. Wino wake umefifia kiasi kwamba tarehe haisomeki tena, nami nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo cha baba, penye risiti ya mwisho ya kodi ya kichwa.